Mboga za Uani: Mafunzo Niliyopata Kigamboni

Nilihamia Kigamboni mwaka 2019, kwenye nyumba yenye ua wa hatua kumi kwa sita, mchanga mtupu. Mwaka wa kwanza sikupanda kitu. Kila jioni nilipita gengeni kununua mafungu mawili ya mchicha, shilingi 500 kila fungu, majani yameshalegea kwa jua la kutwa. Siku hizi mboga yetu inatoka nyuma ya jiko.

1. Anza na marando, mbegu zisubiri. Mbegu zangu za kwanza zilibebwa na sisimizi, zilizobaki zikaparuliwa na kuku. Mama mmoja wa mtaani, baada ya kuitikia shikamoo yangu, akatazama ule mchanga, akasema, “Mwanangu, hapa panataka matembele. Njoo nikukatie.” Akanipa mzigo wa marando. Nilikata vipande vya urefu wa mkono, nikachanganya mchanga na samadi kavu ya mbuzi, nikafukia kila kipande hadi nusu ili vifundo viwili vitatu vikae ardhini. Siku ya tatu vyote vilikuwa vimelala chini, nikaamini vimekufa. Baada ya wiki moja na siku kadhaa vikachomoza vijani vidogo vyekundu-zambarau, laini kama masikio ya mwana-mbuzi. Tangu hapo kazi ni kuvunja ncha tu, na kila ukivunja, shina linatoa matawi mengine. Sijanunua matembele tena.

2. Onja maji kabla ya kumwagilia. Visima vingi vya huku vina chumvi. Niliimwagia miche ya hoho maji ya kisima juu ya majani, mchana, na ncha zikaungua zikawa kahawia. Sasa nakinga maji ya mvua kwenye mapipa, natumia pia ya kuoshea mchele, na namwagia shinani asubuhi au jioni.

3. Chuma saa ya kupika. Hili ndilo lililobadilisha chakula chetu kuliko yote. Mboga ya gengeni nilikuwa naikatakata, naichemsha hadi ilainike, kisha namwaga yale maji ya kijani. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto, kwa hiyo sehemu kubwa ya faida nilikuwa naimwaga uani. Majani yaliyochumwa sasa hivi hayahitaji adhabu hiyo. Naosha yakiwa mazima, nakata, nakaanga kitunguu na nyanya, natia majani, nafunika kwa dakika chache, kisha tui zito la nazi, na naepua rangi ikiwa bado mbichi. Hilo tui si anasa: karotini iliyo kwenye majani, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta kidogo. Watoto wangu, waliokuwa wakisukuma mboga pembeni mwa sahani, sasa wanagombea mchuzi wake.

4. Kisamvu kina masharti yake. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Yatwangwe sawasawa, yachemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Hapa haraka haifai hata kidogo.

5. Hesabu ni ndogo, lakini ni ya kila siku. Shilingi 1,000 kwa siku ni 30,000 kwa mwezi. Samadi na maji vinakula kidogo, kinachobaki kinanunua dagaa na maharage. Shirika la Afya Duniani linashauri walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, na nyumba yenye watu watano haifiki huko kwa mafungu mawili.

6. Acha miche miwili ya mchicha izae. Nachagua iliyonenepa kuliko yote, siigusi hadi masuke yakauke, kisha nayapukutisha juu ya kanga. Vinaanguka vipunje vyeusi vinavyong’aa, maelfu kwa mche mmoja. Nachanganya kijiko kimoja cha mbegu na kopo la mchanga mkavu ndipo nitawanye, maana zikimwagwa peke yake huota zimesongamana. Hata hivyo mingine husongamana tu. Naing’oa ikiwa na wiki tatu, na mizizi yake, na hiyo ndiyo mboga tamu kuliko zote zinazoingia chunguni mwetu.