Kisu cha mfukoni kinachogoma kufunguka



Siku ya Yenga wako wenzetu wa Likasi wanaokwenda Tshangalele, lile ziwa lililozaliwa wakati mto Lufira ulipozuiwa na ukuta wa Mwadingusha, penye kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka wa 1930. Huko watu wananunua samaki, au wanavua wenyewe. Kisu cha kukunja kinatoka mfukoni ili kukata kamba, kuparua magamba na kupasua samaki.

Sasa tuwaze jambo hili. Mikono imelowa na ina utelezi. Mtu anavuta kisu kwa ukucha, hakiendi. Anashika bapa kwa vidole viwili na kuvuta kwa hasira. Ghafula kisu kinaachia, na makali yanapita juu ya kidole gumba. Kesho yake, mtu huyo hawezi kushika ufunguo wa bolti wala kupanda ngazi. Mkono wa mtumikaji ndio shamba la jamaa yake yote.

Somo letu la leo ni hili: kisu kinachofunguka kwa shida kinakuambia kwamba kuna kitu kibaya ndani yake. Usishindane nacho. Tafuta sababu.

NAMNA KISU KINAVYOFUNGUKA

Bapa linazunguka juu ya msumari mdogo uliopita katikati ya mpini. Katika visu vingi, mgongoni mwa mpini kuna chuma chembamba kinachosukuma, ndiyo resori. Ukianza kufungua, kisigino cha bapa kinainua resori hiyo. Ndiyo maana mwanzo ni mgumu kidogo. Bapa likifika mwisho, resori inarudi chini na kulishika.

Visu vingine havina resori. Kisu cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa Savoie katika Ufaransa mwaka wa 1890, kinashikwa na mti wa mpini wenyewe. Tangu mwaka wa 1955 kiliongezwa pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge juu ya vidole.

SABABU ZA KUGOMA

1. Uchafu. Magamba, mchanga, nyuzi za mfuko na vumbi la mawe ya mgodi huingia penye msumari. Vikichanganyika na mafuta ya zamani, vinakuwa kama gundi.

2. Kutu. Kisu kilichofungwa kikiwa na maji kinashika kutu ndani, pahali pasipoonekana. Watumikaji wa mahali penye asidi wajihadhari zaidi: asidi inakula chuma upesi kuliko maji.

3. Ukavu. Chuma kikisugua chuma bila mafuta, kinakwaruzika, na mikwaruzo hiyo inazidisha ugumu.

4. Mti uliovimba. Wakati wa mvua, mpini wa mti unakunywa maji na kubana bapa. Kisu kilichofunguka vizuri wakati wa kiangazi kinaweza kugoma mwezi wa kwanza.

5. Bapa lililopindika. Mwenye kutumia kisu kama tournevis, au kufungulia makopo, analipinda bapa. Baadaye linasugua upande mmoja wa mpini.

6. Msumari uliokazwa kupita kiasi. Ukipigwa nyundo ili kisu kisilegee, pande mbili za mpini zinabana bapa.

DAWA YAKE

Fanya kazi hii mezani, penye mwanga, watoto wakiwa mbali. Kama kisu hakikubali kufunguka hata kidogo, kwanza tia tone la mafuta penye msumari na ungoje. Usivute kwa meno, wala usishike bapa upande wa makali.

Kikiisha kufunguka, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ondoa uchafu wa ndani kwa kijiti chembamba au mswaki mzee, usitumie kidole. Kikaushe vizuri kwa kitambaa. Halafu tia tone moja au mawili ya mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Fungua na kufunga polepole mara kadhaa, ukifuta uchafu unaotoka. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu yakikaa yananata. Grisi nzito nayo inakusanya vumbi. Usioshe kisu kwa esansi, zaidi sana karibu na mbabula yenye makala: moto unaruka.

Mpini uliovimba, uache ukauke polepole kivulini. Ukiuweka juu ya moto, mti utapasuka. Bapa lililopindika halina dawa ya nyumbani. Kisu hicho kisitumike tena.

Lakini angalia: kisu kilicholegea sana nacho ni adui. Kikifunguka chenyewe mfukoni, au kikijifunga wakati wa kukata, kinajeruhi vilevile. Kisu kizuri kinafunguka bila kulazimishwa na kinakaa pahali pake.

AKINA MAMA, SIKILIZENI

Kisu kilichotoka kazini na vumbi la mgodi kisikate mkate wala samaki kabla ya kuoshwa. Nacho kisiachwe juu ya meza: mtoto ana nguvu kidogo, naye atakivuta kwa mikono miwili.

KAMA MTU AMEKATIKA

Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Damu ikisimama, osha kwa maji safi na sabuni. Usitie majivu, udongo wala mafuta ya gari. Nenda dispanseri kama kidonda ni kirefu ndani, kama damu haisimami, kama kidole hakikunjiki au hakisikii kitu. Kwa kidonda chenye uchafu usingoje. Mdudu wa tetanosi anakaa katika udongo na mavi ya wanyama. Umwulize muuguzi habari ya sindano yako.

Jioni ya leo, toa kisu chako mfukoni na ukifungue polepole. Kikigoma, umekwisha kujua la kufanya. Tone moja la mafuta ni rahisi kuliko kidole kimoja.