Nani Anamngoja Mstaafu? Daftari, Kujitolea na Afya Baada ya Kazi

Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida huruhusiwa kustaafu kwa hiari afikishapo umri wa miaka 55, na hulazimika kustaafu afikishapo 60. Semina za kuwaandaa wastaafu huzungumzia mafao, nyumba, mifugo na matapeli wanaovizia kiinua mgongo. Yote hayo ni ya lazima. Linalosahaulika aghalabu ni Jumatatu ya kwanza, pale mtu anapoamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya miaka thelathini, akaoga, akavaa, kisha akatambua kwamba hakuna mahali anapongojewa.

Katika kliniki, pengo hilo halijitambulishi kwa jina lake. Mstaafu hulalamikia usingizi, kichwa, mgongo au uchovu. Shinikizo la damu lililokuwa limetulia hupanda, kwa kuwa zamani alimeza dawa kabla ya kwenda kazini, na sasa hakuna kwenda kazini. Mhudumu mwenye foleni ndefu hushawishika kusema kwamba huo ni uzee tu. Sivyo. Sonona ni ugonjwa, si sehemu ya kuzeeka, nayo hutibika. Maswali mawili hutosha kuanzia: katika majuma mawili yaliyopita, je, umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo yako? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Ikiwa hali hiyo imemsumbua kwa siku nyingi, afanyiwe uchunguzi kamili. Anayetaja kutamani kufa ahudumiwe siku hiyo hiyo. Asirudishwe nyumbani na ushauri wa kununua daftari.

Kwa wale wasio wagonjwa, bali wamepotewa na mwelekeo, daftari lina nafasi yake. Mwaka 1963, Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alipinga dhana iliyoenea wakati huo kwamba mzee anayesimulia mno mambo ya kale ameanza kupungukiwa akili. Kwake, kuyapitia upya maisha ni kazi ya kawaida ya uzeeni, inayoweza kumpatanisha mtu na yaliyopita. Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya tukio lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya. Washiriki hao walikuwa vijana, na tafiti za baadaye hazikutoa matokeo yanayolingana. Kwa hiyo tusiinadi kalamu kama dawa.

Tunachoweza kukichukua ni namna ya kuandika. Orodha ya vyeo na tarehe za uhamisho haimfikishi mwandishi mbali. Achague siku moja: mgonjwa wa kwanza aliyefia mikononi mwake, au ugomvi na ndugu kuhusu shamba. Aeleze kilichotokea, alichohisi, na anavyokiona leo. Shaaban Robert, aliyekuwa karani serikalini, alituachia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Maisha ya karani, basi, yanastahili karatasi. Mwenye mtoto wa jicho amsimulie mjukuu, au ajirekodi kwa simu. Makosa ya tahajia si hoja. Siri za wagonjwa, hata hivyo, hazistaafu: majina yao yasiandikwe. Na kama kuandika kunamrudisha mtu kwenye jeraha lile lile kila usiku na kumnyima usingizi, aache, azungumze na mtaalamu.

Daftari humwacha mtu chumbani. Kujitolea humtoa. Huko Baltimore, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walishiriki kuunda mpango uliowapeleka watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika shule za msingi, saa 15 hivi kwa juma, wakiwasaidia watoto kusoma. Mpango ulikusudia wazee watembee, watumie akili na wapate wenzi. Lakini kilichowavuta shuleni kilikuwa watoto wanaowahitaji, wala si amri ya daktari ya kufanya mazoezi. Hapo ndipo penye siri yake, kwa maoni yangu: siku maalumu, saa maalumu, na mtu atakayeuliza usipofika.

Kwetu, mkunga mstaafu anaweza kukaa na wajawazito wanaosubiri kliniki, akiwaeleza dalili za hatari; mhasibu anaweza kukagua vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa. Mipaka iwepo. Muuguzi asigeuze baraza la nyumba yake kuwa zahanati, kwani kuchoma sindano kunadai leseni hai na kituo kilichosajiliwa. Saa zikubaliwe mapema, nauli isimtoke mfukoni, na bibi anayelea wajukuu watano asihimizwe kujitolea zaidi. Huyo anahitaji kupumzishwa.

Basi, mhudumu, ukishamwamkia mzee wako na kuandika namba za kipimo, muulize: juma hili, nani alikuwa anakungoja? Jibu liandike kwenye kadi, chini ya dawa, ili atakayempokea mwezi ujao aulize tena.