Mtoto akisomea meno, kazi ipo?

Jino likiuma usiku, hata mwenye magunia ya korosho halali. Ndiyo maana wazazi wa Masasi na Newala wanatuuliza: mtoto akisomea meno, kazi ipo?

Njia ni mbili. Aliyemaliza kidato cha nne akafaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia husoma chuoni miaka 3, akawa tabibu wa meno. Wa kidato cha sita huweza kwenda Muhimbili, ambako udaktari wa meno ulianza kufundishwa mwaka 1979. Huko ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa mazoezi hospitali.

Serikali huwalipa wote wawili kwa ngazi za TGHS. Tabibu huanza B, daktari huanza E, juu zaidi. Mshahara huu ni wa kila mwezi, haungoji mnada wa korosho.

Lakini tusidanganyane, jamani. Cheti siyo ajira. Mpaka serikali itangaze nafasi, kijana aombe, ashindane na wenzake. Wapo waliohitimu wanaongoja nyumbani. Kufungua kliniki yako nako kunataka kibali, kiti, mashine na umeme. Mzazi auze korosho, asiuze mikorosho.

Tujadiliane: Mnada ukichelewa, karo ya mwaka wa pili italipwa na nini?