Usikubali Kupigiwa Windo Kabla Hujasoma Kioo

Mdogo wangu wa Wete, nimeisoma barua yako. Umeweka SSD mpya, ukahamishia Ubuntu yako faili kwa faili, na sasa ukiwasha kompyuta inakwambia UUID fulani (namba ya utambulisho wa patisheni) haipo, kisha inakuachia neno initramfs. Fundi anataka afute kila kitu apige windo upya, yaani asakinishe mfumo tangu mwanzo, na kazi zako za chuo zimo humo.

Mwambie asubiri. Initramfs ni mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye RAM, na kazi yake kubwa ni kuitafuta patisheni ya mzizi, ile inayoandikwa kwa mkwaju mmoja, /. Ulipoiformati SSD ilipata UUID yake mpya, lakini GRUB, programu inayouwasha mfumo, na faili la /etc/fstab, lenye orodha ya patisheni, bado yanaitaja ile ya zamani. Ni sawa na kumbishia hodi mtu Mkoani ilhali keshahamia Konde.

Hakikisha mwenyewe hapo hapo kwenye initramfs. Andika cat /proc/cmdline uone UUID inayotafutwa, kisha blkid uone zilizopo. Zikitofautiana, ugonjwa umeujua. Diski isipoonekana kabisa, kagua kwanza ilivyochomekwa.

Tiba yake: washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, na unakili kazi zako pembeni kabla ya lolote. Kisha fungua terminali. Tuseme patisheni yako ni sda2: andika sudo mount /dev/sda2 /mnt, halafu sudo nano /mnt/etc/fstab, uweke UUID mpya kwenye mstari wa /. Unganisha /dev, /proc na /sys ndani ya /mnt kwa mount --bind, ingia kwa sudo chroot /mnt, na uandike update-grub, kisha update-initramfs -u. Toka, chomoa flashi, washa upya.

Nanyi wadogo zangu wengine, msiutupie umeme kila lawama. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, na ni kweli ukikatika ghafla unaweza kuharibu mpangilio wa mafaili. Lakini hapo kioo husema jingine: kinakutaka uendeshe fsck, kikaguzi cha mafaili, kwa mkono. Ukiona hivyo, andika fsck -y na jina la patisheni iliyotajwa.

Kila mkigusa fstab, hifadhini nakala yake kwanza, kisha mwandike sudo findmnt --verify kabla ya kuzima. Diski ya nje ipeni neno nofail, ili ikikosekana kompyuta isigome kuwaka.

Mdogo wangu, piga picha maandishi ya kioo, mpelekee fundi, na mwombe akueleze yanasema nini. Asiyeweza kukueleza, usimruhusu afute.