Ukipunguza Ugali, Kilo Zinazotoka ni za Nini?

*Kijitabu cha familia za Migori na Homa Bay*

Siku hizi wengi wanaacha ugali, chapati na mandazi ili wapungue. Wengine wana sukari au presha. Wengine walinenepa baada ya kuanza ARV zenye dolutegravir, jambo linalowapata baadhi ya watumiaji, hasa wanawake. Baada ya siku chache mizani inaonyesha kilo 2 zimetoka. Je, ni kilo za nini?

Wiki ya kwanza: maji

Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli. Akiba hiyo, glaikojeni, hufika takriban gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika gramu 3 hivi za maji. Ukikata wanga, akiba hutumika na maji yake huishia kwenye mkojo. Insulini nayo hushuka, figo hutoa chumvi zaidi, na chumvi hiyo huondoka na maji. Ndiyo sababu ya kukojoa mara kwa mara, kichwa kuuma na kizunguzungu ukisimama ghafla.

Mafuta hayatoki kwa kasi hiyo. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Anayetumia kalori 2,000 kwa siku, hata asipotia kitu kinywani siku 3, hajamaliza kilo hiyo. Vivyo hivyo, ukila ugali harusini Jumamosi na Jumatatu mizani ipande kilo moja, usikate tamaa: sehemu kubwa ni maji yaliyorudi.

Baadaye: mafuta au misuli?

Wanga peke yake si adui wala mlinzi wa misuli. Misuli huisha mtu akila kidogo mno, akikosa protini na akikaa bila kuitumia. Aliyeacha ugali akabaki na sukuma wiki na chai ya rangi anapungua, lakini misuli inakwenda pamoja na mafuta.

Mtu wa kilo 60 anayepunguza uzito alenge gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Hesabu ya siku moja:

- glasi ya maziwa: gramu 8
- mayai 2: gramu 12
- kikombe cha maharagwe yaliyopikwa: gramu 15
- nyama ya ngege, gramu 100: gramu 25

Jumla ni 60. Samaki wakipanda bei, pika omena. Ukiwala wazima na mifupa yao unapata kalisi pia.

Sahani ya nyumbani

Huhitaji kufuta ugali kabisa. Jaza nusu ya sahani kwa osuga, dek, apoth au kunde. Robo iwe samaki au maharagwe. Robo iliyobaki iwe ugali, au viazi vitamu vya Kabondo. Mchimba dhahabu wa Macalder au mvuvi wa Muhuru Bay aongeze, kwa kuwa kazi yake inakula nguvu nyingi. Anayekaa dukani kutwa atembee, abebe maji, ashike jembe: misuli hubaki ikitumiwa.

Jipime hivi kila wiki

Zungusha futi ya fundi cherehani kiunoni, usawa wa kitovu. Kisha inuka kitini mara 5 bila kushika kitu. Kiuno kikipungua na nguvu zikibaki, unapoteza mafuta. Kilo zikishuka na kuinuka kukawa kugumu, ongeza protini na chakula.

Muone daktari kabla ya kuanza ikiwa:

- unatumia insulini au glibenclamide: sukari inaweza kushuka mno. Ukitetemeka, ukitoka jasho au ukichanganyikiwa, kunywa maji ya sukari au soda mara moja, kisha nenda kituo cha afya;
- unatumia dawa za presha au za kukojoa;
- una ugonjwa wa figo;
- una mimba au unanyonyesha.

Watoto wasiwekwe kwenye mlo huu. Usiache ARV kwa sababu ya unene. Zungumza na kliniki yako.

Mtu akikonda bila kujaribu

Usimpongeze. Kifua kikuu, VVU na kisukari huanza hivyo pia. Mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au mpeleke zahanati wiki hiyo hiyo akapimwe.