Mwenzangu Ana Virusi: Tupange Miaka Mingapi?



Wako mume na mke ambao, tangu mmoja wao aambiwe ana virusi vya Ukimwi, waliacha kupanga lolote. Ploti haijengwi, mtoto wa pili hatajwi, na karo husemwa kwa kunong'ona. Kila mmoja anahesabu miaka kimyakimya. Hebu tuihesabu pamoja.

Kabla ya dawa, aliyeambukizwa aliishi kama miaka 10 hivi. Kenya ilianza kutoa dawa bila malipo katika hospitali za serikali mwaka wa 2006. Utafiti mkubwa wa Uganda uliotolewa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba mtu wa miaka 35 anayetumia dawa angeweza kutazamia miaka 28 hivi zaidi, ingawa wengi wakati ule walianza wakiwa wamekwisha dhoofika. Tangu mwaka wa 2016 mwongozo wa Kenya ni kumwanzishia dawa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Anayeanza mapema na kumeza kila siku anaweza kukaribia umri wa jirani yake asiye na virusi.

Utafiti huo uliona pia kwamba wanawake huishi kuliko wanaume. Bwana, hapo ni kwako. Mama hupimwa akiwa mjamzito. Wewe hungoja mpaka ubebwe. Tena wako wanaoficha vidonge kazini ili mke asijue, na wikendi nzima ikapita bila kumeza. Virusi huzoea dawa kwa namna hiyo hiyo. Mwambie mkeo! Kipimo cha damu kikionyesha kwamba virusi havionekani tena, na ukaendelea na dawa, humwambukizi kwa tendo la ndoa. Yule mtoto wa pili anaweza kuzungumzwa, pamoja na daktari.

Kuishi miaka mingi kuna magonjwa yake: shinikizo la damu, kisukari, figo. Baadhi ya watu hunenepa kwa vidonge vya dolutegravir, kwa hiyo punguzeni chumvi na mafuta, na mwenye kuvuta sigara aache. Nawe mama, hatari ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mwenye virusi ni kama mara 6. Shirika la Afya Duniani linashauri apimwe kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ulizeni siku ya kuchukua dawa.