MCHEZO AMBAO HAUKUCHEZWA
(Somo kuhusu kuhifadhi historia ya michezo ya kompyuta isiyotoka)

Mwaka jana, nikitafuta karatasi za mabango katika sanduku la Chama chetu cha Kiswahili, nilikumbana na kurasa tatu za tamthilia iliyoandikwa kwa mkono. Ukurasa wa kwanza haupo, wa mwisho haupo, na jina la mtunzi halipo. Niliwauliza wanachama, nikawauliza walimu. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka kwamba zamani kidogo palikuwa na mchezo uliofanyiwa mazoezi muhula mzima, kisha haukufika jukwaani kwa sababu nauli ya kwenda tamasha haikupatikana. Basi! Jasho la muhula mzima limebaki kurasa tatu.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nisome kwa makini habari za michezo ya aina nyingine, yaani michezo ya kompyuta za nyumbani iliyotungwa na hata kutangazwa, lakini ikafa kabla ya kufika dukani. Katika lugha yetu neno ni lile lile, mchezo, na nimeona kwamba hasara pia ni ile ile. Hebu tuone michezo hiyo ilipoteaje, inatafutwa vipi, na sisi wanachama tunajifunza nini.

1. Kompyuta za nyumbani zilikuwaje?

Mwaka 1982 kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum ilianza kuuzwa Uingereza. Mwaka huo huo Marekani ikatoa Commodore 64. Hizi hazikuwa mashine za ofisini. Ziliwekwa sebuleni, zikaunganishwa na televisheni ya nyumbani. Spectrum kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48 tu. Picha moja ya simu yenye ukubwa wa megabaiti 2 ingehitaji nafasi zaidi ya mara 40 ya hiyo!

Programu nyingi zilihifadhiwa kwenye kaseti, zile zile za muziki. Ukiitia kaseti ya namna hiyo kwenye kinasasauti hutasikia wimbo ng'o. Utasikia mlio mkali wa kukwaruza masikio. Mlio huo ndio mchezo wenyewe, na kompyuta iliusikiliza kwa dakika kama tano hivi kabla ya mchezo kuanza.

Jambo la kushika hapa ni hili: mchezo mzima uliweza kutungwa na kijana mmoja au wawili, chumbani kwao, na ukakaa kwenye kaseti au diski moja. Ukishauzwa, nakala zake zilitawanyika katika nyumba nyingi, hivyo moja ikiharibika nyingine ipo. Lakini ule usiouzwa ulibaki kwa mwenyewe peke yake. Akihama nyumba akatupa boksi, historia imekwenda na takataka.

2. Kisa cha Liverpool

Mfano unaojulikana sana ni ule wa kampuni ya Imagine Software, iliyoanzishwa mjini Liverpool, Uingereza, mwaka 1982. Mchezo wake wa kwanza, Arcadia, ulinunuliwa sana. Hela zikaingia, na vijana wa kampuni wakaonekana na magari ya fahari. Mambo yalikuwa moto!

Mwaka 1984 wakaja na mpango mkubwa wa michezo miwili, Bandersnatch na Psyclapse. Walidai itakuwa mikubwa kuliko yote iliyotangulia, hata ikahitaji kuuzwa pamoja na kifaa cha ziada cha kuchomeka kwenye kompyuta ili kuiongezea nguvu. Bei iliyotajwa ilikuwa kama pauni 40, wakati michezo mingi ya kaseti iliuzwa chini ya pauni 10. Matangazo yakajaa magazetini. Lakini angalia vizuri: matangazo hayo yalionyesha picha za watunzi, mchezo wenyewe hauonekani!

Wahenga walisema debe tupu haliachi kutika. Madeni yakaizidi kampuni, na tarehe 9 Julai 1984 ikafungwa. Kwa bahati, watu wa televisheni ya BBC walikuwa papo hapo wakitengeneza filamu kuhusu biashara ya michezo ya kompyuta. Walikuja kurekodi ufanisi, wakaishia kurekodi anguko. Filamu hiyo, katika mfululizo wa Commercial Breaks, ilionyeshwa Desemba mwaka huo huo. Jina la Imagine likanunuliwa na wapinzani wao, kampuni ya Ocean ya Manchester.

Je, michezo ile miwili iliishia wapi? Psyclapse haikutoka kamwe. Baadhi ya mawazo ya Bandersnatch yaliingia katika mchezo mwingine, Brataccas, uliotolewa na Psygnosis, kampuni iliyochipuka kutoka katika mabaki ya Imagine. Mwaka 2018 jina la Bandersnatch lilifufuliwa katika filamu ya kubuni ya Netflix kuhusu kijana mtunzi wa michezo, na hadithi yake inaanza tarehe ile ile, 9 Julai 1984. Watu wengi wamelisikia jina kupitia filamu hiyo, wala hawajui kwamba nyuma yake kulikuwa na watu halisi waliopoteza kazi. Kwa hiyo bila kumbukumbu, hadithi ya kubuni hula nafasi ya historia.

3. Michezo isiyotoka si ya aina moja

Mtafiti mwangalifu huipanga katika mafungu. Mimi nimeyafanya manne:

(a) Iliyokuwa jina tu. Kampuni ya Ultimate Play the Game iliutaja mchezo uitwao Mire Mare mwishoni mwa mchezo wake Underwurlde wa mwaka 1984. Wachezaji walisubiri, wakasubiri, lakini haukuja. Jina kutajwa si ithibati kwamba kitu kipo.

(b) Iliyofika njiani. Hapa panabaki vipande: picha za kuchora, muziki, au hatua moja tu inayochezeka.

(c) Iliyokaribia kwisha ikakatizwa. Warcraft Adventures ya kampuni ya Blizzard ya Marekani ilivunjwa mwaka 1998 baada ya kazi nyingi kufanyika. Hadithi yake ikageuzwa kuwa riwaya mwaka 2001, na mwaka 2016 nakala ya mchezo wenyewe ikavuja.

(d) Iliyokamilika lakini ikawekwa kabatini. Putty Squad ya kompyuta ya Amiga iliandikiwa tahakiki magazetini mwaka 1994, ikasifiwa, lakini soko la Amiga lilikuwa linaporomoka na toleo hilo halikuuzwa. Wenyewe, kampuni ya System 3, waliitoa bure Desemba 2013. Hebu fikiria, takriban miaka 20 watu wamesoma sifa za chakula wasichokionja!

4. Mchezo uliopotea hutafutwaje?

Kwanza, husomwa magazeti ya zamani. Magazeti ya Kiingereza kama Crash (lililoanza 1984) na Zzap!64 (1985) yalikuwa na habari za michezo "inayokuja". Mtafiti hulinganisha iliyotangazwa na iliyouzwa. Inayobakia katikati ndiyo ya kutafutwa.

Pili, hutafutwa watu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1984 sasa ana karibu miaka 60 au ameipita. Anaulizwa kwa adabu: ulifanya kazi gani, na nani, mkaishia wapi, kwa nini? Mara nyingi atajibu kwamba diski zimo darini, hajazigusa tangu alipohama.

Tatu, huokolewa kilichomo, na hapa si mahali pa pupa. Kaseti na diski huhifadhi data kwa sumaku juu ya utando mwembamba. Utando ukiota ukungu au kuanza kubambuka, kuichezesha ovyo kunaweza kuumaliza kabisa. Kwa hiyo hukaguliwa, husafishwa, ndipo husomwa. Kaseti hunakiliwa kama sauti, kisha programu huigeuza sauti kuwa faili. Diski husomwa kwa kifaa kinachonakili mabadiliko ya sumaku yenyewe, hata mara kadhaa, ili pasipoeleweka leo pasomwe tena kesho kutoka kwenye nakala. Tena kuna mtego mwingine. Watunzi wengi waliandika mchezo kwenye kompyuta kubwa, kisha wakautuma kwa waya hadi kwenye ile ndogo. Basi diski yenye mchezo wa Commodore 64 huenda isisomeke kwenye Commodore 64! Lazima ujue mtu alifanyia kazi mashine gani.

Nne, huandikwa na kutangazwa, kwa kuwa habari ikienea huita nyingine. Mwaka 2020 mtafiti Phil Salvador aliandika makala marefu kuhusu SimRefinery, mchezo wa majaribio uliotengenezwa na kampuni ya Maxis miaka ya mapema ya 1990 kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron huko California. Hakuwa na nakala. Msomaji mmoja alipozisikia habari hizo akakumbuka kwamba anamjua mhandisi mstaafu aliyekuwa na diski yake. Muda si muda mchezo ukapatikana! Mwaka huo huo Mwingereza Frank Gasking, aliyeitafuta michezo ya namna hii kwa miaka mingi, alitoa kitabu kizima juu yake, The Games That Weren't.

5. "Si ilishindwa? Ya nini kuitafuta?"

Swali hili niliulizwa bwenini na mwenzangu wa kidato cha tatu. Aliniambia, "Wewe bwana, kama mchezo ulikuwa mzuri si ungeuzwa?" Nilikosa jibu siku hiyo. Leo ninalo.

Mwaka 1990 vijana wachache wa jimbo la Louisiana, Marekani, wakiwemo John Carmack na John Romero, walitengeneza kielelezo cha mchezo Super Mario Bros. 3 kichezeke kwenye kompyuta ya kawaida ya PC. Carmack alikuwa amegundua namna ya kufanya picha isogee bila kukwamakwama, jambo lililokuwa gumu kwa PC za wakati huo. Waliipelekea Nintendo. Nintendo ikakataa. Lakini maarifa yale hayakupotea. Desemba mwaka huo huo walitoa mchezo wao wenyewe, Commander Keen. Mwaka 1991 wakaanzisha id Software, na mwaka 1993 wakatoa Doom, ambayo sifa zake zilienea duniani. Diski ya kile kielelezo kilichokataliwa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la The Strong huko Rochester, New York, lililotangaza mwaka 2021 kwamba limeipata.

Unaona? Ukisoma orodha ya michezo iliyouzwa tu, utadhani Commander Keen ilianguka kutoka mbinguni. Shina lake ni kazi iliyokataliwa. Aidha, utafiti wa Wakfu wa Historia ya Michezo ya Video wa Marekani, mwaka 2023, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haikuwa ikipatikana tena sokoni. Ikiwa iliyouzwa yenyewe inaadimika hivyo, itakuwaje ile ambayo haikuuza hata nakala moja?

6. Mali ya nani?

Hapa tusidanganyane. Kampuni ikifa, haki zake haziwi mali ya kila apitaye. Zinaweza kuuzwa kwa kampuni nyingine, nayo ikaziuza tena, hata mtunzi mwenyewe asijue zilipo. Kuokota diski si kuokota haki. Njia ya heshima ni ile ya Putty Squad, mwenye mali kuitoa kwa hiari yake. Palipo na utata, mtu anaweza kuhifadhi ushahidi na maelezo bila kugawa mchezo wenyewe.

Heshima nyingine ni ya ukweli. Anayeandika historia hii hana budi kutenganisha mambo matatu: nililoliona kwa macho, nililoambiwa, na ninalolikisia. Akiyachanganya, ataunda mchezo ambao haukuwahi kuwepo hata kwa mawazo, na wanaomfuata watautafuta mpaka wachoke.

7. Tamati

Baada ya kusoma hayo nilichukua daftari, nikamrudia yule mwalimu wetu. Anastaafu mwishoni mwa mwaka huu. Nilimwuliza, "Mwalimu, tafadhali, nisimulie tena ule mchezo." Akanitajia majina ya waigizaji wawili, akakumbuka kwamba mhusika mkuu alikuwa mvuvi, akaniimbia nusu ya wimbo wa kufungulia. Mwisho alisema, "Mengine yamenitoka, kijana. Ungekuja miaka mitano iliyopita." Nimeyaandika yote, na pembeni nimetia tarehe na neno "nimeambiwa". Kurasa zile tatu nimezitia alama "nimeona". Zote zimo sandukuni katika bahasha moja.

Ombi langu kwa wanachama ni dogo. Kila mchezo, shairi au mjadala tunaoutayarisha, uwe umefika jukwaani au la, tuweke nakala moja yenye jina, tarehe, na sababu ya kutofika kama haukufika. Kazi yake haizidi dakika kumi. Majuto ni mjukuu.

Maswali ya kujadili chamani

1. Taja tofauti kati ya mchezo uliokuwa jina tu na uliokamilika lakini haukuuzwa. Toa mfano wa kila mmoja.
2. Kwa nini ni hatari kuichezesha mara moja kaseti ya zamani uliyoiokota?
3. "Kuokota diski si kuokota haki." Jadili.
4. Muulize mtu mzima mmoja kuhusu kazi aliyoianza asiimalize. Andika maelezo yake ukitenganisha uliloliona, uliloambiwa na unalolikisia.